Kukunja ukingo wa madigadi ya nyuma bila kuua rangi

Ingiza vidole chini ya tao la gurudumu la nyuma kwenye gari lolote la miaka ya 60 au 70, kisha papasa kuelekea ndani. Utakutana na ukingo wa bati uliolala bapa, upana wake sentimita moja hadi mbili, umeelekea tairi. Wengi wenye magari ya zamani hawaujui mpaka siku wanapofunga rimu pana, wakapakia watu viti vya nyuma, gari likapita kwenye tuta, na mlio wa raba inayokwanguliwa ukasikika hadi ndani. Wakishuka kutazama, tairi jipya lina mkwaruzo mwembamba uliozunguka bega zima. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Ukingo unakunjika? Na rangi je, itapona?

Nimekunja kingo hizo kwenye gari langu na nimesaidia kwenye magari ya marafiki. Zinakunjika, na rangi inaweza kubaki nzima. Lakini karibu kila ninapoona kazi hii ikifanywa, macho yote yako upande wa nje, kwenye rangi. Rangi ikipona watu wanafurahi, wanarudisha gurudumu, wanapiga picha. Upande wa ndani, ambako gari limeungwa, hauangaliwi na mtu. Nami naamini kwa dhati kwamba kazi hii hufaulu au hufeli huko ndani, na jibu lake huja baada ya miaka.

Tuanze na ukingo wenyewe. Madigadi ya mbele, kwenye magari mengi, ni bati moja lililofungwa kwa bolti. Likiharibika unalifungua, unalinyoosha mezani au unatafuta lingine. Nyuma ni habari nyingine kabisa. Bati la nje, lile lenye rangi tunayoipenda, linashuka hadi kwenye tao na kukutana na bati la ndani linalofunika gurudumu. Mahali yanapokutana yamekunjwa pamoja na kuchomelewa nukta kwa nukta. Kwa hiyo ukishika ukingo wa nyuma umeshika mabati mawili, na kwenye baadhi ya magari matatu, kila moja likiwa na unene wa karibu milimita moja. Ukingo huo unalipa tao uimara wake kama pindo linavyoimarisha nguo, na papo hapo ndio mshono unaoshikilia ubavu wa gari na bati la ndani. Hakuna bolti ya kufungua. Ukiuharibu, umeharibu bodi.

Hamu ya kupata nafasi zaidi kwenye matao haikuanza na sisi. Viwanda vyenyewe viliifanya. Nissan Skyline GT-R ya 1969, ile ya milango minne, ilikatwa matao ya nyuma ili matairi mapana yaingie, na ule mstari mrefu uliopita juu ya gurudumu la nyuma kwenye Skyline za kawaida ukakatizwa. Kupe, ile ya milango miwili, iliyofuata mwaka 1970 ikaongezewa vipande vya madigadi vilivyofungwa juu ya tao la nyuma. BMW 2002 turbo ya 1973 nayo ilitoka na vipanuzi vilivyofungwa juu ya matao. Porsche 911 Carrera RS 2.7, iliyoonyeshwa mwishoni mwa 1972, ilipanuliwa madigadi ya nyuma ili ibebe rimu za inchi 7, ilhali mbele zilikuwa za inchi 6. Nayataja kwa sababu kuna watu wanaosema kugusa tao la gari la zamani ni kulivunjia heshima. Wahandisi wa magari hayo waliyagusa wenyewe, kwa vipimo na kwa sababu. Ninachotaka ni tuyaguse kwa namna hiyohiyo.

Gari langu ni BMW 2002 yenye taa za nyuma za duara. Ilitoka kiwandani na matairi ya upana wa milimita 165 kwenye rimu za inchi 13, membamba, na kwa mwendo wa enzi zake yalitosha. Siku hizi wengi hupenda rimu za inchi 15 zenye 205/50, yaani upana wa milimita 205 na ubavu wenye kimo cha asilimia 50 ya upana huo, na kwa hesabu ya kimo wazo hilo si baya: tairi la zamani la 165 lina kipenyo cha karibu milimita 600, la 205/50 R15 lina 586. Kimo kinakaribiana. Tatizo ni upana, na upana hauna mahali pa kwenda ila ndani, kwenye springi na mkono wa sasipensheni, au nje, kwenye ukingo.

Hapa ndipo hesabu inapookoa rangi. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso wake unaofungwa kwenye gari; ikipungua, gurudumu linasogea nje. Tuchukue mfano: unatoka rimu ya inchi 5 yenye ofseti ya 30, unakwenda rimu ya inchi 7 yenye ofseti ya 20. Upana umeongezeka inchi 2, yaani milimita 50.8, na nusu yake, 25.4, inakwenda kila upande. Ofseti imepungua 10, kwa hiyo gurudumu zima limesogea nje milimita 10. Jumla, mdomo wa nje wa rimu umesogea nje milimita 35.4, na mdomo wa ndani umesogea ndani milimita 15.4. Sasa chukua rimu ileile ya inchi 7 yenye ofseti ya 30: nje 25.4, ndani 25.4. Milimita 10 zilizotoweka nje ni nyingi kuliko utakazopata kwa kukunja ukingo nusu. Nimeona watu wakikunja mabati ya gari la miaka 50 kwa sababu hawakukaa dakika kumi na karatasi kabla ya kununua rimu. Rimu zinauzwa tena. Rangi ya kiwandani haipatikani tena kokote.

Tairi nalo lina mambo yake. Namba 205 ubavuni ni upana wa tairi likipimwa kwenye rimu ya kipimo maalumu. Ukilivalisha rimu pana zaidi kwa nusu inchi, tairi linapanuka kwa takribani milimita 5. Na matairi mawili ya namba moja kutoka viwanda viwili tofauti yanaweza kupishana waziwazi mabegani: moja lina bega la mraba, jingine la duara. Bega ndilo linalogusa ukingo. Kwa hiyo nikipima, napima tairi lile nitakalotumia, likiwa na upepo wake kamili, kwenye rimu yake.

Kisha kuna jambo ambalo mtu akiliruka kazi yote ni ya kubahatisha: gurudumu la nyuma halipandi wima. Gari lenye ekseli nzima, yaani moja inayounganisha magurudumu yote mawili ya nyuma, na springi za bati za tabaka linayumba pembeni kidogo kila likikata kona, kwa kadiri bushi, zile raba za kwenye viungo, zilivyochoka. Lenye fimbo ya kuzuia ekseli isiyumbe, ile iliyofungwa upande mmoja kwenye bodi na upande mwingine kwenye ekseli, linasogea kwa upinde, hivyo ekseli ikipanda inavutwa kidogo kuelekea upande mmoja. Na ekseli nzima ikipanda upande mmoja tu, tairi la upande huo linainamisha kichwa kuelekea ndani. BMW 2002 haina ekseli nzima. Kila gurudumu lina mkono wake, na mkono ukipanda kichwa cha tairi kinainama ndani. Hiyo ni neema kwa mwenye rimu pana, kwani tairi linakimbia ukingo wakati uleule linapoukaribia. Ukipima gari likiwa limesimama tu, neema hiyo huioni, na madhara ya ekseli inayoyumba huyaoni vilevile.

Ninavyopima mimi ni hivi. Gari linakaa juu ya stendi madhubuti zilizoshika bodi, kamwe si jeki peke yake. Natoa springi ya nyuma, nafungua shokomzoba upande wa chini, navalisha gurudumu lenye tairi lake, halafu naweka jeki chini ya mkono na kuupandisha taratibu mpaka raba inayozuia mkono usigonge bodi ibanwe. Hapo gurudumu limefika mwisho wa safari yake, mahali ambapo kwenye barabara hufika kwa sekunde moja tu, gari likiwa na mzigo na likiangukia shimo. Kabla ya kupandisha, nabandika vipande vya udongo laini wa kuchezea watoto kwenye uso wa chini wa ukingo, kimoja kila baada ya upana wa kiganja. Nikishusha, udongo unaniambia ukweli: hapa umeguswa, pale umebanwa hadi milimita 3, kule haujaguswa. Kwenye gari langu tairi halikufika karibu zaidi juu kabisa ya tao kama nilivyodhani. Lilifika kidogo mbele ya kilele. Ukitazama mkono utaelewa sababu: umefungwa mbele ya gurudumu, kwa hiyo gurudumu likivuka usawa wake linapanda huku likirudi mbele. Kama ningeanza kukunja kwa kukisia, ningekunja kilele kwa nguvu na kuacha penye shida.

Pima pande zote mbili. Magari ya enzi hizo hayakuunganishwa na roboti, na kushoto na kulia kupishana milimita kadhaa si ajabu, hasa kama gari liliwahi kugongwa nyuma na kunyooshwa. Upande mmoja unaweza kuhitaji kazi na mwingine usihitaji chochote. Katika hali hiyo mimi nagusa upande mmoja tu. Najua wapo wanaopenda pande zilingane, lakini pembe ya ukingo haionekani mpaka mtu apige magoti.

Nafasi gani inatosha? Sikubali chini ya milimita 5 gurudumu likiwa juu kabisa, na kwenye ekseli nzima nataka zaidi, kwa ajili ya ule myumbo. Kama zimepungua kidogo tu, kwanza natafuta njia nyingine. Bushi mpya hupunguza kuyumba. Springi ngumu kidogo hupunguza safari. Spesa, kile kipande kinachowekwa nyuma ya rimu kuisogeza nje, ikiwepo, itoke. Tairi la 195 badala ya 205 linarudisha milimita 5 hivi kila upande na sijawahi kukutana na mtu aliyelijutia barabarani. Kutogusa bati ni uamuzi halali kabisa, na mara nyingi ndio uamuzi bora.

Tuseme umepima na ukingo lazima ukunjwe. Swali la pili ni unakunja kiasi gani, na hapa jiometria ina tabia ambayo watu wengi hawaijui. Ukingo wenye upana wa milimita 15 ukiinuliwa nyuzi 30 unakupa milimita 2 tu. Nyuzi 45 zinakupa 4 na kidogo. Nyuzi 60 zinakupa 7 na nusu. Ukikunjwa hadi usimame na kulala kwenye uso wa ndani wa bati la nje, unapata kama 11, kwa sababu unene wa mabati yenyewe hauondoki. Yaani nyuzi za mwanzo zinatoa kidogo na za mwisho zinatoa kingi, na kwa bahati mbaya hatari ya rangi inapanda kwa mwendo huohuo. Pembe ya chini ya tao, ile unayoiona ukiinama, ndiyo inayovutika. Kila nyuzi unazoongeza, rangi ya pembe hiyo inavutwa zaidi. Kwa hiyo anayehitaji milimita 4 asikunje mpaka mwisho eti kwa kuwa mashine imefungwa tayari. Akunje 45, asimame hapo.

Rangi ipi iko juu ya bati? Hilo nalichunguza kabla sijafungua nati hata moja. Kipimo cha unene wa rangi ni kifaa kidogo, kinabandikwa juu ya bati na kutoa namba. Rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma kati ya maikroni 100 na 150 hivi. Gari lililopigwa rangi mara ya pili litasoma maradufu. Namba zikifika 1,000, yaani milimita nzima, hapo chini kuna puti, ule mchanganyiko wa kujazia mabonde ya bati kabla ya rangi. Asiye na kifaa atumie sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba, aipitishe polepole kuzunguka tao, mahali inapolegea kushika ndipo penye puti. Na matao ya nyuma ya magari ya zamani yana puti mara nyingi sana, kwa sababu ndipo kutu huanzia.

Nasema hili kwa mkazo: puti haikunjiki. Hakuna joto litakaloibembeleza. Ikikaa juu ya ukingo itapasuka, na ufa utapanda kutoka ukingoni hadi kwenye uso wa madigadi. Ukikuta puti, una njia mbili tu. Ama uache ukingo ulivyo, ama ukubali kwamba kazi imekuwa ya bodi na rangi: kukwangua hadi bati, kutengeneza kutu, kukunja, kisha kupiga rangi upya. Usijidanganye kuna ya tatu.

Rangi zenyewe zinatofautiana kwa umri na kwa aina. Laka za zamani za nitroselulosi zilikuwa na vilainishi ambavyo huvukiza kadiri miaka inavyopita, ikabaki filamu kavu, ngumu, inayopasuka ukiiangalia vibaya. Gari lenye laka ya asili ambayo haijaguswa, ushauri wangu ni badilisha rimu. Enameli iliyookwa kiwandani inastahimili zaidi. Rangi za kisasa za kuchanganya na hadina, kile kimiminika cha kuigandisha rangi, ndizo zinazovutika vizuri kuliko zote, hasa zikiwa si nene. Na kabla hujakwangua chochote kwenye gari la umri huo, kumbuka kwamba rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usipige msasa mkavu, tumia msasa wa maji, vaa barakoa inayofaa, na usiruhusu vumbi hilo liingie mahali watoto wanapocheza.

Sasa kazi. Inaanza kwa maji, sabuni na brashi, upande wa ndani. Chini ya tao kuna miaka ya matope yaliyojibana juu ya ukingo, na ndani ya matope kuna mchanga. Rola ikipita juu ya mchanga inausukumiza kwenye rangi na kuacha vishimo. Baada ya kuosha na kukausha, naondoa ile lami nene ya kuzuia kutu iliyopakwa juu ya ukingo na silanti, yaani kizibo cha mshono, iliyokauka humo. Kwa hili natumia kikwanguo cha plastiki na subira. Lami hiyo inashika moto, na kwenye magari mengi ya zamani tangi la mafuta au shingo yake ipo karibu sana na tao la nyuma. Kwa hiyo mahali pawe na hewa ya kutosha, kifuniko cha tangi kifungwe, kizimamoto kiwe mkononi, na kipuliza hewa moto kisiachwe kikielekea mahali pamoja hata kidogo. Moto wa wazi, wa gesi au wa aina yoyote, haukanyagi kazi hii.

Mshono ukishakuwa mtupu, utazame kwa tochi. Kutu nyekundu ya juujuu inasafishika. Kutu iliyofura kati ya mabati mawili na kuyatenganisha ni jambo jingine: ukikunja mahali hapo bati litakatika. Acha, nenda kwa fundi wa bodi kwanza.

Kifaa ninachokiamini ni ile rola inayofungwa kwenye habu, kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, kwa nati za gurudumu. Ina mkono unaorefushwa kufuata duara la tao, na kichwani ina rola ya plastiki ngumu inayogeuzwa pembe kwa skrubu. Handibreki ivutwe ili habu isizunguke. Kuna wanaotumia gongo la mbao, wanalibana kati ya tairi na ukingo na kusukuma gari mbele na nyuma. Njia hiyo imekunja kingo nyingi duniani, sikatai. Lakini gongo halikupi udhibiti wa pembe, linasukuma bati nje kabla ya kulisukuma juu, na ubavu wa gari unabaki na mawimbi ambayo utayaona kila mwanga wa jioni unapolala juu yake. Kwenye gari lenye rangi nzuri silitumii.

Joto ndilo rafiki wa rangi. Nalenga bati lifike karibu nyuzi 60 za selsiasi, na napima kwa kipimajoto cha kumulika, sikisii kwa mkono. Namba hiyo haikutoka hewani: rangi za kuchanganya na hadina hukaushwa kwenye chumba cha rangi kwa joto la kiasi hichohicho, kwa hiyo rangi inalijua. Napasha sehemu ya urefu wa mkono mmoja, nje na ndani, kipuliza kikitembea muda wote, kisha napitisha rola, kisha napasha tena. Bati hupoa haraka kuliko mtu anavyodhani, na rangi iliyopoa ndiyo inayopasuka. Tukiwa wawili kazi inakwenda vizuri zaidi, mmoja na joto, mwingine na rola.

Mpito wa kwanza karibu hauonekani. Skrubu imegeuzwa kidogo tu, rola inagusa ncha ya ukingo na kuuinua nyuzi chache. Naanza penye shida, pale udongo uliponionyesha, natembea kuelekea mbele, narudi, natembea kuelekea nyuma. Mkono mmoja uko juu ya madigadi kwa nje, kiganja wazi juu ya kitambaa safi. Kiganja kinahisi mambo ambayo jicho halijayaona: bati likianza kutunisha kuelekea nje, mkono unajua kwanza. Likitunisha, maana yake nguvu ya rola inakwenda nje badala ya juu, nami nafupisha mkono na kubadilisha pembe kabla ya kuendelea. Unapopita kwenye nukta zilizochomelewa rola inagoma kidogo, kwa sababu pale mabati ni kitu kimoja na ni magumu zaidi. Usiongeze nguvu kwa hasira. Pita tena. Mara kwa mara utasikia mlio mdogo mkavu, tik, kutoka ndani ya mshono. Hiyo ni silanti ya zamani iliyobaki katikati ikiachia. Mabati mawili yaliyolala pamoja hayana safari sawa yanapokunjwa, la nje lina njia ndefu zaidi, hivyo yanateleza kidogo na kilichokauka kati yao kinapasuka. Mlio huo ndio sababu ya nusu nzima ya kazi iliyobaki.

Miisho ya tao, mbele karibu na kizingiti cha mlango na nyuma karibu na bampa, ukunjo uishe taratibu, ukififia hadi pembe ya asili. Ukiishia ghafla, bati linajikunja pembeni na rangi inapasuka papo hapo. Tairi halifiki huko hata hivyo.

Vipi kuhusu kukata? Wapo wanaochana ukingo vipande vipande ili ukunjike kirahisi, na wapo wanaoukata wote kwa mashine. Kwenye gari ambalo litapigwa rangi upya na lina fundi mwenye mkono mzuri, kukata na kuchomelea upya mfululizo ni kazi ya heshima, na wakati mwingine ni njia pekee, hasa penye mabati matatu. Lakini kwenye gari ambalo rangi yake unataka kuiokoa, kuchomelea kutaichoma. Na kukata bila kuchomelea ni kufungua mshono wa bodi na kuuacha wazi. Nimeona madigadi ya namna hiyo: bati la nje na la ndani yameachana, unaingiza ukucha katikati. Maji yanaingia humo kila siku. Sitaki kulainisha maneno hapa. Ni uharibifu.

Ukingo umefika pembe yake. Gurudumu bado halirudi. Nakagua pembe ya chini kwa tochi iliyolazwa na kioo kidogo, polepole, tao zima. Ufa wa rangi ni mwembamba kama unywele na mara nyingi unaonekana tu mwanga ukija kwa ubavu. Ukiupata, usafishe, pitisha praima ya epoksi kwa brashi nyembamba, kisha rangi ya gari. Uko chini ya tao, hakuna atakayeuona, lakini maji yatauona.

Halafu ndani. Mshono wote unasafishwa tena kwa kitambaa chenye kiyeyushio hadi kitambaa kitoke cheupe. Pale bati lilipobaki tupu, epoksi, tabaka mbili, na ziachwe zikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Juu yake silanti ya poliurethani inayobaki na mnyumbuko, ikisukumwa kwa kidole ndani ya mshono na si kupakwa juu tu, kutoka mwanzo wa tao hadi mwisho. Ikikauka, lami mpya ya kinga juu yake. Mwisho, nta ya kuzuia kutu, ile nyepesi inayotambaa yenyewe, inapulizwa kwa mrija ndani ya uwazi ulio kati ya bati la nje na la ndani, kwa kupitia buti, ili itambae hadi kwenye mshono kutoka juu. Upande huo wa juu ndio unaosahaulika kuliko yote. Maji yakipita kwenye mshono uliopasuka yanapanda kati ya mabati yaliyobanana, yakifika hayatoki upesi, na kutu inaanza mahali ambapo hakuna brashi inayofika. Malengelenge ya rangi utakayoyaona nje miaka kadhaa baadaye yatakuwa habari ya zamani.

Gurudumu linarudi, nati zinakazwa kwa spana ya kipimo, na zinakazwa tena baada ya mwendo mfupi. Napaka chaki kwenye uso wa chini wa ukingo mpya na kwenye bega la tairi, napakia watu wazima viti vya nyuma na mzigo kwenye buti, natafuta barabara yenye tuta na kona. Chaki ikirudi ilivyo, nafasi ipo. Ikiwa imefutika mahali, narudi kwenye udongo na hesabu, si kwenye rola moja kwa moja, kwa maana huenda bushi ndiyo imesalimu amri.

Msimu wa mvua ukipita, magurudumu ya nyuma yanatoka tena na tochi inaingia chini ya tao. Pita na kidole juu ya silanti mwanzo hadi mwisho. Mahali ilipoachana na bati, hata kwa upana wa ukucha, ikate, kausha, ziba upya, na ongeza nta kutoka buti kabla ya kufunga.